Utani Haukabidhiwi Pamoja na Funguo

Ghala la Vitunguu, Mikumi
10 Juni 2024

Shemeji yangu Evarist,

Shikamoo. Dada Monica naye mpe shikamoo yake, asije akasema nimemruka.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu juzi kwenye simu nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka, na wewe ukanijibu habari za mvua. Dada anasema masikio yamegoma kabisa. Basi tuandikiane. Konda wa basi la asubuhi la Kilosa amekubali kuzibeba barua, ila ameomba zisinuke vitunguu. Nimemwambia hilo siliwezi.

Sasa nisikilize, maana kwa barua huna njia ya kunikatiza. Tangu ulipostaafu umeneja na kunikabidhi funguo, ghala hili limenishinda sauti. Mimi nilikuwa karani wako wa mizani, kazi ya kutazama mshale na kutaja kilo. Leo nasimama mlangoni asubuhi, nasema, "Jamani, tuanze na mzigo wa Malolo," na wapakiaji wanaendelea na stori zao kama vile nimekohoa. Wiki iliyopita Fuso lilikaa juani hadi adhuhuri. Mathayo, mnyapara wao, aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe sema tu, tutafika," akaenda kunywa chai. Anayenisaidia ni Mwamvua peke yake. Yeye akiwaambia wachambuaji wake wakae, wanakaa, na mikono inaanza kutembea.

Unajua mwenyewe kwamba mimi ni meneja wa majaribio tu. Mkutano mkuu wa wanachama wa ushirika, wapakiaji na wachambuaji wakiwemo, ni Septemba, na siku hiyo ndipo watanyoosha mikono: ama wanithibitishe, ama ghala apewe mwingine. Nalitaka ghala hili, shemeji. Kwetu Vidunda mtoto wa mwisho hula kilichobaki chunguni, na mimi nimezoea, sijawahi kusema nataka kitu. Hiki nakitaka. Wewe uliwafanyaje? Ulikuwa unaingia tu mlangoni na watu wanakimbilia kazi huku wanacheka. Nifundishe.

Shemeji yako,
Bibiana


Kilosa
16 Juni 2024

Mke wangu mdogo Bibiana,

Marahaba. (Dada yako amesoma hapo juu na kunipiga mwiko wa mgongo. Barua inaendelea.)

Bahasha yako imenuka vitunguu mpaka nimetamani kazi. Huku nyumbani nimekuwa mtu wa kuhamisha kiti kufuata kivuli. Watu wananisalimia barabarani, nami najibu "nzuri" kwa kila kitu. Juzi nimemjibu "nzuri" mtu aliyekuwa ananipa habari za ng'ombe wake aliyekufa.

Tatizo lako nalijua. Unaongea kama mtu anayeungama kwa padri. Ghala si kanisa, Bibiana. Ingia na kelele. Mimi nilikuwa naanza na wapakiaji: "Nyie Wasagara, mama zenu waliwazaa wakiwa usingizini?" Nikitoka hapo nakwenda kwa wachambuaji: "Mwamvua, hicho kitunguu unakichambua au unakiposa?" Wanacheka, wananitukana na mimi, kazi inaanza. Mtu akishacheka mwili umeamka, hawezi tena kukaa.

Na msibani usikae pembeni kama mgeni mwenye kiatu cha kubana. Mfanyakazi akifiwa, wengine wote wanampelekea huzuni. Wewe mpelekee kicheko. Baba yake Mathayo alipofariki, nilijilaza kwenye jamvi la wafiwa nikasema sinyanyuki mpaka nipewe jogoo wa marehemu, kwa kuwa marehemu alikuwa mvivu na jogoo wake lazima awe mvivu vilevile, hatanikimbiza. Mathayo alicheka huku makamasi yanamtoka. Tulipotoka makaburini alinishika mkono hadi nyumbani.

Fanya kama nilivyofanya mimi. Kiti ulichokalia ni kilekile, amebadilika aliyekikalia tu.

Mumeo wa mdomoni,
Evarist


Mikumi
1 Julai 2024

Shemeji,

Shikamoo. Nimepiga kelele!

Nilifanya mazoezi nyumbani mbele ya kabati kwanza. Kisha nikaingia ghalani nikasema yale ya Wasagara na mama zao, nimeshika kiuno kama wewe. Ghala lote lilinyamaza. Mathayo alicheka, cheko moja fupi, halafu wote wakanyanyua magunia. Shemeji, Fuso lilishushwa kabla jua halijakolea. Sauti yangu imekwaruza, natembea na tangawizi mfukoni, lakini kazi inakwenda. Hawanijibu matusi kama walivyokuwa wakikujibu wewe. Nadhani wananiheshimu.

Kuna jambo la huzuni. Leo alfajiri Mwamvua amefiwa na mama yake, yule bibi wa kule mtoni aliyekuwa akituletea maboga. Wanazika leo hii alasiri. Mwamvua nampenda, unajua hivyo. Nilipokuwa karani mpya, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusimama ili mkono wa mpakiaji usiegemee mizani. Ningeufuata moyo, ningekwenda nikakaa naye kimya tu, nimshike mguu. Lakini ndio kwanza nimeanza kusikika, sitaki kurudi nyuma. Nimeyakariri maneno yako yote, hata ya jogoo. Mjukuu wa jirani anakwenda stendi, nampa barua hii amkabidhi konda, mimi nakwenda.

Niombee,
Bibiana


Kilosa
6 Julai 2024

Bibiana wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili kisha nikamsomea dada yako kwa sauti, hadi jirani akaja kuuliza tuna ugomvi gani. Safi sana! Nilisema mimi. Damu ya Vidunda imechanganyika na kelele za Tabora.

Vipi msiba? Mwamvua alicheka? Mpe pole zangu, mwambie mama yake alikuwa na maboga mabaya kuliko yote wilayani na peponi wasimruhusu kulima.

Andika upesi. Nahamisha kiti tu huku.

Evarist


Mikumi
19 Julai 2024

Shemeji Evarist,

Shikamoo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nitaanzia mlangoni kwa wafiwa.

Niliingia uani nikakuta wanawake wamejaa kwenye mikeka na Mwamvua katikati, kichwa chini. Nikasimama, nikashika kiuno, nikasema kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa: "Bibi huyu amekufa kwa uvivu! Mwamvua, acha kujiliza, vitunguu vinaoza!" Kisha nikajilaza kwenye mkeka nikadai jogoo.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa anapembua mchele aliweka ungo chini. Mzee mmoja, mjomba wake Mwamvua, akauliza kutoka upande wa wanaume, "Huyo ni mtani?" Na Mathayo, nilikuwa hata sijamwona, akajibu, "Hapana. Ni Mvidunda. Ni majirani wa kuoana tu." Mzee akasema, "Basi mwinueni." Wakaniinua, shemeji. Wanawake wawili wakanishika kwapani kama mtu aliyelewa, wakanitoa hadi njiani. Mwamvua alinitazama mara moja. Sitaki kukuandikia alivyonitazama.

Nisikilize, si kwamba mimi sijui utani. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani ana ruhusa hata juu ya maiti. Lakini miaka yote niliyokuona ukifanya yale, ulikuwa umevaa koti la ghala na unazungumza habari za ghala. Mimi nikadhani ni cheo kinachosema. Nikadhani ukikabidhi funguo unakabidhi na hiyo. Na siku ile ya kelele zangu za kwanza, walinyamaza kwa sababu nilikuwa nimewatukania mama zao bure, mimi nikaandika "wananiheshimu."

Mwamvua amesema hakanyagi ghalani nikiwa mimi ndiye meneja. Nusu ya wachambuaji wamemfuata. Vitunguu vya Malolo vimerundikana hadi dirishani na vya chini vimeanza kutoa maji. Wengine wanasema tusingoje hata Septemba. Nimeandika barua ya kujiuzulu, ipo tayari, nimebakiza kutia sahihi. Niambie kama nitie.

Bibiana


Kilosa
23 Julai 2024

Bibiana,

Usitie sahihi kitu chochote.

Kosa ni langu. Nilikuandikia "fanya kama nilivyofanya mimi" bila kufikiri kwamba mimi ni nani kwao. Nilitaniana na wale watu miaka mingi hadi nikasahau kwamba ni utani. Nilidhani ni kipaji. Nilidhani Mungu alinipa kipaji cha kuongoza watu, kumbe babu zangu walipita Kilosa na mizigo kichwani wakaniachia ruhusa ya kutukana. Niache nalo hilo, nitalitafuna mwenyewe.

Lakini dawa ipo na ni rahisi. Jumatatu napanda basi. Nitaingia kwa Mwamvua, nitajigaragaza uani, nitasema shemeji yangu ni kichaa wa milimani aliyelelewa na ngedere, tumsamehe. Watanimwagia maji, tutacheka, yataisha. Mimi ni mtani, nina haki hiyo. Jumanne Mwamvua atakuwa ghalani. Kuwa na amani.

Evarist


Mikumi
26 Julai 2024

Shemeji,

Usije.

Nakuomba kwa heshima zote, na kama heshima haitoshi, nakuomba kama mke wako mdogo: usije. Ukija wewe yataisha, najua. Watacheka, watarudi, na watakuwa wamerudi kwako. Kila kitakapotokea kitu watanitazama na kungoja basi la Kilosa. Jambo nililoliharibu kwa mdomo wangu siwezi kulitengeneza kwa mdomo wako. Kwa kuuazima mdomo wako ndivyo nilivyoliharibu.

Barua ya kujiuzulu nimeichana. Sijui bado nitafanya nini, ila arobaini ya yule bibi ni mwezi ujao na nitakwenda, wakinitoa tena kwapani na wanitoe. Kelele nimeacha. Siku hizi naamka mapema, nakaa mlangoni, kila anayeingia namsalimia kwa jina lake na kumuuliza yaliyomsibu jana. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikifanya kwenye mizani, na sikudhani kama ni kitu. Wengine wananijibu.

Usinikasirikie. Wewe ndiye uliyenipa kazi ya kwanza maishani mwangu na sitaacha kukuita mwalimu.

Bibiana


Kilosa
2 Agosti 2024

Mdogo wangu Biba,

Salamu zangu ni nyingi lakini naandika harakaharaka, huyu mtu yuko nyuma ya nyumba anaoga na hajui kwamba nina kalamu. Usimwambie.

Evarist hali chakula. Anakuambia atalitafuna mwenyewe, na kweli analitafuna, maana ugali wangu hautafuni. Tangu barua yako ya kumkataza amekaa kimya. Mtu huyu tangu nimeolewa naye hajawahi kukaa kimya, hata usingizini anaongea. Jana ameniuliza, "Monica, mimi nilikuwa meneja au nilikuwa kichekesho?" Nikamjibu ulikuwa vyote viwili, akaondoka mezani.

Wewe umefanya sawa kumkataza. Wahenga walisema ukiiga tembo kunya utapasuka msamba, na wewe umepasuka, pole mdogo wangu, huku tembo mwenyewe amejisahau kama ni tembo. Lakini ukipata neno lolote zuri la kweli juu yake huko ghalani, liandike. La kweli tu, la kumbembeleza analijua kwa harufu.

Kula vizuri. Na acha kutembea na tangawizi mfukoni, inachafua nguo.

Dada yako,
Monica


Mikumi
14 Agosti 2024

Shemeji yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa kwenye kivuli, hii ni ndefu.

Nilikwenda arobaini. Sikupita uani, nilipita jikoni, kule nyuma wanakopikia. Wanawake waliniona, wakaendelea na kazi. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Mwisho mama mmoja akanisogezea beseni la vitunguu nimenye. Nadhani hakufanya kwa upendo, alifanya kwa sababu mimi ni mtu wa vitunguu. Nikamenya. Dada Monica asije akasema nililia kwa vitunguu, nililia kwa aibu, na kila mtu pale alijua tofauti.

Baada ya dua na chakula nilikwenda kwa yule mzee, mjomba wake, nikapiga magoti nikaomba ruhusa ya kusema. Akanitazama sana. Akasema, "Ungekuwa mtani tungekuacha, maneno yangekwenda na upepo. Kwa kuwa si mtani, lazima uyaokote mwenyewe. Sema." Nikasema. Sikuwa na sauti, unanijua. Wa nyuma wakapaza, "Hatusikii!" Na mjomba akawajibu, "Basi nyamazeni msikie." Wakanyamaza. Nilisema nilichofanya, kimoja kimoja, bila kukitafutia sababu. Nikasema niliogopa kudharauliwa, nikavaa ukali wa mtu mwingine, nikaja nao kwenye mkeka wa mama aliyekuwa akinipa maboga. Nikaomba radhi kwa Mwamvua kwa jina lake, na kwa marehemu, na kwa wote ambao mama zao niliwatukana. Wewe sikukutaja. Halikuwa lako hilo.

Wakati naosha masufuria, Mwamvua alikuja akasimama karibu yangu, hakunitazama, akawa anatazama masufuria. Nikamuuliza, "Yale maneno angeyasema Evarist, ungekasirika?" Akasema, "Evarist ni mtani wangu. Asingeyasema ndiyo ningekasirika."

Kisha akasema hivi, na nakuandikia neno kwa neno kwa sababu ni lako. Akasema, "Lakini usidhani tulimfuata kwa utani. Watani tunao tele, wengine hata maji hatuwapi. Unakumbuka mwaka ule alipomkubalia mnunuzi ajaze lumbesa, magunia yakavimba juu kama mimba na wakulima wa Malolo wakalia? Alipanda juu ya mizani akapiga kelele: 'Nimekosea mimi! Mpumbavu kutoka Tabora!' Alikuwa akikosea anatangaza kwa sauti ileile aliyotutukania. Huyo ndiye tuliyemfuata."

Mimi nilikuwepo siku ile, shemeji, na mshale wa mizani uliruka ulivyopanda. Nilicheka na wengine. Katika yote niliyoiga kwako, hilo sikuliona, na ndilo lililokuwa lako hasa. Babu zako hawakukuachia hilo. Kwa hiyo kula ugali.

Mwamvua hajarudi. Hakusema atarudi. Wachambuaji wachache wamerudi, vitunguu vya dirishani tumevishusha, Mathayo anawahi siku hizi na sijui kwa nini, sijamuuliza. Mkutano ni Jumamosi ya ishirini na moja Septemba. Wapo watakaosema nitolewe na wana sababu. Njoo, wewe ni mwanachama. Ila kaa nyuma, usiseme kitu, na usijigaragaze.

Shemeji yako akupendaye,
Bibiana


Kilosa
22 Septemba 2024

Bibiana,

Nimefika nyumbani na koti langu limechanika bega. Ni dada yako, nitaeleza.

Sikusikia neno hata moja jana. Watu walikuwa wanakuja kunisalimia, nikawajibu "nzuri." Nilikaa nyuma ulivyoniagiza, mgongo ukutani, na kwa kuwa masikio hayana kazi nikawaachia macho. Nikakutazama wewe, kisha nikawatazama wao.

Ulipoanza kusema nilijua kwamba hupigi kelele, maana benchi la nyuma lote lilinyanyuka likasogea mbele, nikabaki mimi na ukuta. Mathayo alikunja kiganja nyuma ya sikio. Wanawake waliwanyamazisha watoto. Bibiana, mimi nikisema watu walikuwa wanarudi nyuma kidogo, wanacheka na kurudi nyuma, na nilidhani hivyo ndivyo watu wanavyokaa mbele ya kiongozi. Sijawahi kuona watu wanasogea. Nimefurahi na nimeumia, vyote, na sioni haya kukuandikia.

Halafu akasimama Mwamvua. Nilimwona anakunyooshea kidole. Mdomo wake ulikuwa mkali, namjua Mwamvua akiwa mkali, shavu la kushoto linacheza. Na wewe umeinamisha kichwa. Nikasema basi, tumekwisha. Nikanyanyuka. Ndiyo, nilikuwa nakuja kujigaragaza, ahadi nimeivunja nusu. Dada yako akanivuta koti hadi bega likaachia. Nilipokaa nikaona mikono inanyooshwa, mingi, mingi, na wa kwanza ni wa Mwamvua mwenyewe.

Sielewi. Mtu anakunyooshea kidole kisha anakunyooshea mkono? Dada yako alisikia yote na hataki kuniambia. Njia nzima kwenye basi nilimwomba. Anasema maneno yale ni yako, uyaandike mwenyewe. Kwa hiyo andika, mwanamke, kabla sijafa kwa udadisi. Alisema nini?

Mwalimu wako, kama bado unanitaka,
Evarist


Mikumi
25 Septemba 2024

Shemeji na mwalimu wangu,

Shikamoo. Koti lilete, nitalishona.

Alisema hivi: "Huyu mama alinikosea mkekani kwa mama yangu. Wote mnajua. Ameniomba radhi, nimesikia, lakini sijamsamehe. Msinisukume, nitamsamehe nikiweza. Sasa nyinyi mnataka kumtoa kwa ajili yangu. Mkimtoa, mtaniletea nani? Mtaniletea mtu wa kunikosea nisijue, akajificha nyuma ya mlango wa ofisi. Huyu alikuja mwenyewe, bila kuletwa na mtu, akasema kwa kisauti chake hicho hicho. Mimi nataka mtu ambaye naweza kumkasirikia uso kwa uso na bado tukafanya kazi. Mwacheni hapo. Nikimkasirikia, nimkasirikie hapahapa ghalani." Akanyoosha mkono kabla mwenyekiti hajauliza. Ndiyo maana niliinamisha kichwa. Sikutaka waone uso wangu.

Jumatatu nilipofika kufungua, nilimkuta mlangoni, amekwisha kujifunga kanga kiunoni, anangoja funguo. Wengine walikuwa bado njiani. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu mama yake afe nimeomba radhi, nimemenya vitunguu, nimeosha masufuria, na pole sijampa. Pole tu, ile ambayo kila mpita njia alimpa siku ya kwanza. Nikasema, "Mwamvua, pole sana na msiba wa mama."

Nikaona shavu lile la kushoto linacheza. Nikadhani hatajibu, nikageuka kufungua kufuli.

Nyuma yangu akasema, "Nimepoa, meneja."

Bibiana